Hodi, Kuna Jipya?

Nina orodha ya watu 63 ninaowasoma. Yupo mfugaji wa nyuki wa Tabora ambaye huandika msimu wa kurina asali ukifika, na ukipita hunyamaza. Yupo mstaafu wa reli anayesimulia stesheni ambazo treni haisimami tena. Yupo mfasiri wa Nairobi anayegombana na kamusi, bwana mmoja wa Muscat anayekusanya majina ya samaki aliyoyasikia kwa bibi yake, na mshairi wa Lamu ambaye kwa mwaka mzima huweka mashairi mawili, matatu akizidisha. Wamo pia wakubwa: BBC Swahili, Global Voices kwa Kiswahili, magazeti mawili. Wengi wao hawajui kama mimi nipo duniani.

Orodha yenyewe ni faili moja la maandishi, dogo kuliko picha ya harusi uliyotumiwa WhatsApp jana. Nimeihamisha kwenye simu tatu na kompyuta mbili. Simu ya kwanza iliibwa Kariakoo, ya pili ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, na orodha haikupotea, kwa sababu nakala yake ninayo kwenye barua pepe. Programu ya kusomea nimeibadilisha mara nne. Kila mara niliondoka na watu wangu wote, kama mpangaji anavyohama na godoro lake, na hakuna mwenye nyumba aliyenizuia mlangoni.

Kinachowezesha haya kinaitwa RSS. Ni teknolojia ya 1999, na vijana ninaowatajia jina hilo hunitazama kama nimetaja kaseti. Naieleza hapa kwa sababu naamini sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili tunaihitaji kuliko wenye lugha kubwa.

Tuseme una ndugu kumi waliotawanyika mtaani, na ungependa kujua kwa kila mmoja kama kuna habari. Unaweza kuzunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba kila asubuhi. Utachoka. Unaweza kukaa kijiweni ukasubiri habari zikufikie. Zitafika, ila kwa mpangilio wa kijiwe: ugomvi kwanza, umbea wa pili, na kwamba shangazi yako amelazwa utasikia wiki ijayo, au usisikie kabisa. Au unaweza kumtuma mtoto. Mtoto anakwenda kila mlango, anabisha hodi, anauliza, "Kuna jipya?" Wakisema hakuna, anakwenda mlango wa pili. Wakisema lipo, analibeba. Akirudi anakupangia yote mezani, la kila mtu kwa jina lake, bila kuongeza neno wala kupunguza.

RSS ni huyo mtoto. Tovuti inayoitumia huweka pembeni faili lenye vichwa vya makala za karibuni, tarehe, kiungo, na mara nyingi makala nzima. Faili hilo kwa Kiswahili limepewa jina la mlisho. Programu yako ya kusomea hulipitia kila baada ya muda na kuuliza kama kuna jipya. Kama hakuna kilichobadilika, kompyuta ya upande wa pili inaweza kujibu kwa namba tu, 304, na mazungumzo yanaishia hapo. Hakuna video inayojicheza yenyewe, hakuna tangazo la kubeti linaloruka mbele ya macho. Kwa mtu anayejiunga bando la siku, hilo si jambo dogo.

Napenda neno mlisho. Linatokana na kulisha, na kulisha kuna pande mbili. Kuna kulishwa, kama mtoto anavyolishwa uji: mdomo ukifunguka, kijiko kimeingia. Ndiyo maana tunasema fulani amelishwa maneno, tukimaanisha kwamba anayoyasema si yake. Halafu kuna malisho, pale mnyama anapokwenda kwa miguu yake, akainamisha shingo, akachagua jani hili na kuliacha lile. Mitandao ya kijamii nayo huita mlisho ule mfululizo wa picha na maneno usioisha. Neno ni moja, ila wao wamechukua upande wa kijiko.

Historia yake ina ugomvi wa kutosha. Machi 1999 kampuni ya Netscape ilitaka watu waweze kujipangia ukurasa wa habari kutoka tovuti mbalimbali, na wahandisi wake, Ramanathan Guha na Dan Libby, wakaunda toleo la kwanza. Baadaye Netscape ikaliacha, wengine wakaliokota. Desemba 2000 kikundi cha watu wa kujitolea kilitoa toleo lililoitwa RSS 1.0, mmoja wa walioshiriki alikuwa Aaron Swartz, kijana wa miaka 14. Dave Winer alikuwa akiliendeleza tawi jingine, na mwaka 2002 likatoka toleo la 2.0, ambalo tovuti nyingi bado zinalitumia. Watu hao walitofautiana hata juu ya herufi R-S-S zisimame badala ya maneno gani. Pamoja na hayo yote, hakuna aliyejenga geti la kulipia. Mtu yeyote aliweza kuandika mlisho, na mtu yeyote aliweza kutengeneza programu ya kuusoma.

Hiyo ndiyo miaka ambayo Ndesanjo Macha alikuwa akiandika Jikomboe kwa Kiswahili, na Issa Michuzi akiweka picha zake, na Mtanzania aliyeko ng'ambo akiamka anapitia kwanza huko kabla ya kunywa chai. Mwaka 2005 Google ilitoa programu ya bure ya kusomea milisho, Google Reader, na watu wengi wakahamia huko. Tarehe 1 Julai 2013 ikaifunga. Zikaandikwa tanzia nyingi za RSS mwaka huo. Lakini lililofungwa lilikuwa duka, barabara ilikuwa palepale. Ukijiandikisha kwenye podikasti leo kwa programu unayoipenda wewe, huku rafiki yako akiisikiliza hiyo hiyo kwa programu nyingine, ni RSS inayowafikisha nyote wawili.

Katika hao 63, ninayemfikiria zaidi ni muuguzi. Anafanya kazi katika hospitali ndogo kando ya Ziwa Victoria, na jina analoandikia silitaji kwa sababu mwenyewe hakupenda litembee. Alianza kuandika 2014. Huandika zamu ya usiku ikitulia: jenereta inayokohoa kabla ya kuwaka, mama anayejifungua huku anaimba, mlinzi anayewatambua wagonjwa kwa kikohozi kabla hajawaona sura. Sentensi zake ni fupi. Hajawahi kuweka picha. Kwa mwaka alikuwa akiandika mara nne, ukibahatika mara tano.

Mwandishi wa namna hiyo, kwenye mitandao ya kijamii, hana mahali pa kuketi. Wa kumpenda wapo. Mashine ndiyo haimwoni. Mwaka 2016 Twitter na Instagram zote zilianza kuacha mpangilio wa tarehe, ule wa lililokuja mwisho kukaa juu. Badala yake algorithimu inakisia ni kipi kitakushika, na hicho ndicho kinapanda. Anayeandika kila siku anaijaza mashine dalili za kukisia. Anayenyamaza miezi mitatu anarudi akiwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Wale waliosema wanamfuata hawajui hata kama amerudi. Ndipo anapoanza kuambiwa ushauri ule tunaoufahamu: andika mara kwa mara, weka picha yako, anza na swali, uliza wafuasi wanaonaje. Akiufuata atasomwa, ila atakayesomwa hatakuwa yeye tena.

Kwa mlisho, kunyamaza si kosa. Jina linakaa pale, halina namba pembeni, halidai kitu. Siku mwenyewe akiandika, namba moja inatokea mbele ya jina lake. Awe ameandika jana au miaka mitatu iliyopita, anasimama mstari mmoja na BBC.

Machi 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni: shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni ya kwanza, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Juni ya mwaka huo muda wa kujiandikisha ulipofika ukingoni, nilikuwa nikifungua programu yangu asubuhi na kuona kwaheri. Mmoja aliandika aya tatu za hasira. Mwingine aliweka picha ya kufuli. Wengine hawakuaga. Kwa mtu mwenye matangazo na wafadhili, milioni mbili na laki moja ni gharama ya biashara. Kwa mtu anayeandika mara nne kwa mwaka, usiku, kwa simu, bila tangazo hata moja, ni jibu. Muuguzi aliandika mistari miwili: anazima taa kwanza, na wagonjwa bado wapo. Kisha akaifunga blogu yake, ikawa inaonekana kwake tu.

Sikumfuta kwenye orodha, na wala sikuhitaji moyo wa kishujaa kumwacha. Haikunigharimu chochote. Mtoto wangu wa kutumwa aliendelea kwenda kubisha hodi kwenye mlango ule, mchana na usiku, akirudi mikono mitupu, bila kulalamika wala kuniuliza kama bado nina haja na mtu yule.

Mwaka 2020 baba yangu alipata kiharusi. Upande wa kushoto ulilegea, maneno yakawa yanatoka nusu. Baada ya siku kumi na mbili za hospitali tulimrudisha nyumbani Morogoro, na mimi, ambaye kazi yangu ya kuhariri vitabu naweza kuifanyia popote, nikawa mlezi wake.

Wiki ile ya kwanza simu yangu ilijua kabla ya majirani. Nilikuwa nimetafuta neno "kiharusi" mara mbili tatu, na mtandao mmoja wa kijamii ukaanza kunilisha. Mafuta ya kuponya kiharusi ndani ya siku saba. Mtumishi wa Mungu anayesema amewainua waliopooza, piga namba hii. Mzizi wa mti fulani. Kijana aliyevaa koti jeupe, akieleza kwa sauti ya uhakika kwamba hospitali zinakuficha siri. Kila nilipopita bila kugusa, nililetewa jingine lenye rangi kali zaidi. Saa nane ya usiku, baba akiguna chumba cha pili, mtu anaweza kuamini mzizi. Sisemi hivyo kwa kejeli. Mashine haikunichukia. Ilikuwa imenihesabu vizuri tu: mtu mwenye hofu hushika simu muda mrefu kuliko mwenye amani.

Usiku mmoja niliandika "kumgeuza mgonjwa" kwenye sehemu ya kutafutia ya programu yangu ya milisho. Programu hiyo haitafuti duniani kote. Inatafuta ndani ya watu wangu tu, pamoja na makala za zamani nilizoziwekea nyota, ambazo hubaki kwangu hata blogu ikifungwa. Likatoka jibu moja. Lilikuwa la muuguzi, la mwaka 2016.

Hospitalini walikuwa wametuambia baba ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo. Tulikuwa tunajua la kufanya, hatukujua namna. Muuguzi alikuwa ameandika namna. Mto kati ya magoti. Visigino visiguse godoro. Shuka isiwe na mikunjo, kwa sababu mkunjo mmoja usiku kucha ni sawa na jiwe. Angalia ngozi ya nyonga, ya chini ya mgongo, ya visigino, kila unapomgeuza, kwa taa nzuri. Kisha aliongeza jambo ambalo halimo kwenye kipeperushi chochote nilichopewa: usimwambie mgonjwa "pole" kila unapomgeuza, maana ni mara kumi na mbili kwa siku, na mara kumi na mbili za pole humfanya mtu ajione mzigo. Mwambie ni saa ngapi. Mwambie mvua imenyesha wapi.

Nikaanza hivyo usiku uleule. "Baba, ni saa tisa. Mvua imenyesha Matombo." Sikuwa na hakika na Matombo. Akafungua jicho moja akaniambia, kwa ule usemi wake wa nusu, kwamba Matombo hainyeshi mwezi huu. Lilikuwa neno lake refu kuliko yote tangu alazwe.

Alipopata nguvu kidogo tukamrudishia redio yake. Baba hajawahi kumiliki simu janja, lakini katika jambo hili alikuwa ametutangulia. Miaka yote ya utoto wangu, jioni ilikuwa na saa yake ya Dira ya Dunia. Alikaa, akasikiliza, habari zikiisha alinyoosha mkono akazima. Alisema, "Habari zimeisha," kama mtu anayefunika sufuria, halafu akatoka kwenda kuangalia kuku. Habari hazikuwa zimeisha duniani, na yeye alilijua hilo. Zilikuwa zimeisha alizokusudia kuzisikia siku hiyo.

Katika simu zetu, kitu hicho, kuisha, kimeondolewa. Kidole kikishuka kuna kingine, na chini yake kingine. Orodha yangu ina mwisho. Asubuhi nyingi ina makala tano au sita mpya, nazisoma kabla chai haijapoa, halafu programu inaniambia hakuna zaidi. Mara ya kwanza kuiona kauli hiyo nilibaki nimeshika simu, sijui pa kuelekeza macho. Siku hizi natoka nje. Kuku ninao.

Asubuhi moja ya mwaka 2022 palikuwa na namba 1 mbele ya jina la muuguzi. Kanuni za 2018 zilikuwa zimeshapisha kanuni nyingine za 2020, na mengi mengine yalikuwa yamebadilika, hata baba alikuwa anatembea kwa fimbo. Nilifungua. Hakuomba radhi kwa kimya cha miaka minne wala hakukieleza. Alianza moja kwa moja na mtoto aliyezaliwa na uzito wa kilo moja na nusu, na namna mama yake alivyombeba kifuani chini ya khanga, ngozi kwa ngozi, wiki baada ya wiki, mpaka akanenepa.

Nilimwandikia. Nikamweleza kuhusu baba, kuhusu mto na visigino na mvua ya Matombo. Akajibu baada ya siku tisa, ambazo kwa mwendo wake ni haraka. Alisema alidhani amebaki na wasomaji wawili, mumewe na yeye mwenyewe. Sasa wamekuwa watatu.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko chuo mwaka wa pili. Nilipomwonyesha orodha yangu alicheka.

"Dada, hii si sawa na kusoma gazeti la jana? Watu wote wako Instagram."

"Wote nani?"

"Waandishi. Wasomaji. Wote."

Ana hoja, na sitaki kuikwepa. Kiswahili kingi kinachoandikwa leo kinaandikwa ndani ya kuta. Instagram haitoi mlisho wa RSS, Facebook haitoi, makundi ya WhatsApp ndiyo kabisa. Humo zimo hadithi za vipande vipande ambazo watu wanazisubiri kila usiku, na mtoto wangu wa kutumwa hawezi kuzifikia. Hakuna mlango wa kubisha, kuna geti na walinzi. Tena RSS haikutafutii watu wapya. Hao 63 nimewapata kwa njia ya kizamani, mwandishi mmoja akimtaja mwingine, rafiki akinitumia kiungo, jina nililoliona mwisho wa makala nikalifuata.

"Na si utajifungia na watu wanaokubaliana na wewe tu?" akaongeza.

Hilo nalo ni kweli, kwa asiyejiangalia. Nimejiwekea desturi: kila mwisho wa mwezi natoa jina moja, naingiza moja, na wakati wote lazima awepo walau mmoja anayeniudhi. Kwa sasa ni mchambuzi wa uchumi ambaye sijawahi kukubaliana naye kuhusu bei ya mahindi. Ananiudhi kwa hoja, makala nzima, mwanzo hadi mwisho, na niliyemchagua aniudhi ni mimi. Hiyo ni tofauti na kuletewa kipande cha sekunde kumi cha mtu nisiyemjua, kilichokatwa mahali pa kuchemsha damu.

Lakini jibu langu kubwa kwa mdogo wangu lilihusu hesabu. Mwandishi wa Kiingereza akifichwa kwa nusu ya wasomaji wake, nusu iliyobaki inajaza uwanja wa mpira. Mwandishi wa makala ndefu kwa Kiswahili anaanza na watu wa kujaza daladala moja. Ukiwaficha nusu, na wengine wakashuka njiani kwa sababu hawakumwona kwa miezi mitatu, anabaki na konda. Kisha tunakaa kwenye makongamano tunauliza kwa nini vijana hawaandiki Kiswahili chenye kina. Wanaandika. Wanaandika mara mbili, tatu, mashine inawapitisha gizani, wanaona hakuna anayesoma, wanaacha. Lugha haikosi waandishi kwa siku moja. Inawakosa mmojammoja, kila mmoja akidhani ni yeye tu hakusomwa.

Kwa hiyo kumweka mwandishi kwenye mlisho wako ni zaidi ya kurahisisha maisha. Ni kumwambia: wewe chukua muda wako, mimi sihami. Huwezi kumwambia hivyo kwa kubonyeza "fuata" mahali ambapo mwenye mali atakuwa anaamua kila asubuhi kama mtaonana.

Mdogo wangu alichukua programu ileile nikamwekea majina matano ya kuanzia, matatu yake na mawili yangu. Mawili kati ya yake ni ya mpira. Sawa tu. Baada ya wiki chache alinitumia ujumbe: "Dada, yule nesi anaandika lini tena?" Nikamjibu kwamba hakuna ajuaye. Akaandika, "Basi nangoja."

Nawe ukitaka kuanza, haihitaji utaalamu. Feedly na Inoreader zinafanya kazi kwenye simu na kwenye kompyuta. Kwa Android ipo Feeder, ambayo ni ya bure na haitaki ufungue akaunti. Kwa iPhone na Mac ipo NetNewsWire, nayo ya bure. Bandika anwani ya tovuti unayoipenda, na mara nyingi programu itautafuta mlisho yenyewe. Ikishindwa, na blogu ni ya WordPress, ongeza /feed mwishoni mwa anwani. Kama ni ya Blogger, ongeza /feeds/posts/default. Hata chaneli za YouTube zina milisho. Usianze na magazeti makubwa, yatakumiminia makala nyingi kwa siku mpaka uikimbie programu. Anza na watu watano wanaoandika polepole. Baada ya mwezi, omba programu ikupe orodha yako kama faili, huitwa OPML, ulitunze mahali pako. Siku programu hiyo ikifungwa, na nyingi hufungwa, utakuwa na mahali pa kuanzia.

Na kama wewe ni mwandishi, usiuzime mlisho wa tovuti yako, na weka humo makala nzima, si aya ya kwanza tu. Hutaona idadi ya wanaokusoma kwa njia hiyo, wala mioyo myekundu. Utakuwa unaandika kama yule muuguzi, ukidhani mko wawili. Inawezekana kuna mtu Morogoro ana makala yako yenye nyota, na bado hajajua ataihitaji lini.

Mstaafu wa reli hajaandika tangu Agosti. Mara ya mwisho alituacha njiani, katikati ya stesheni mbili, treni imesimama na abiria wameshuka kununua mahindi ya kuchoma. Sina haraka.